Kovu Moja la Mkanda

"Ukiniharakisha nitaivunja, na nikiivunja utajijua mwenyewe," alisema Bi Spana, fundi wa polisi, akiwa amelala chali chini ya pikipiki ya miguu minne, miguu yake tu ndiyo inaonekana.

Inspekta hakuwa amemharakisha. Hakuwahi kumharakisha mtu tangu avae magwanda, ndiyo maana kituo kizima kilimwita Kobe. Kwanza walimwita hivyo kwa kisogo, kisha mbele ya uso wake, mwishowe akaitika. Alikuwa amekalia tairi kuukuu katika gereji ya polisi, mikono magotini, anaitazama mashine iliyoua mtu.

Haikuwa tena mashine aliyoiunda mwenye kiwanda. Tairi zake za asili zilikuwa zimeng'olewa, zikawekwa nyingine nene zenye meno, zinazoanza kufanana na za trekta. Mikono inayoshika magurudumu ilikuwa imerefushwa kwa kuchomelewa. Nyuma ya kiti paliungwa kichanja cha mabomba cha kubebea mawe. Usukani ulikuwa umepinda, taa moja imening'inia kwenye waya, na damu iliyorukia kichanja ilikuwa imeshageuka rangi ya kutu.

Kisa kilivyoletwa kituoni kilikuwa kifupi. Kijana dereva wa machimbo ya mawe alikuwa anapandisha mzigo kwenye mteremko wa kutokea shimoni. Klachi ikamkatalia katikati ya mlima. Mashine ikarudi kinyumenyume, ikamwangusha, ikampanda kifuani. Aliyeona ni mmoja tu, msimamizi wa machimbo. Wengine wote walikuwa wamekwenda kula. Fundi aliyeibadilisha mashine alikamatwa jioni ileile, na sasa, siku kadhaa baadaye, mkuu wa kituo alitaka kumfikisha mahakamani kesho yake asubuhi.

Kijana huyo machimbo yote yalimwita Shemeji. Jina lilianzia kwa fundi mwenyewe, kwa kuwa fundi alimwoa dada yake, na kila akipita machimboni alikuwa akimwita kwa sauti ya kuamsha wafu: "Shemeji! Umekula?" Wachimbaji wakalidaka jina. Sasa Shemeji amezikwa, mwitaji yuko mahabusu, na dada mtu amekaa kwenye benchi la mapokezi akiwa na bakuli la mfuniko lililofungwa kitambaa. Kila siku alileta chakula, akampa askari wa zamu ampelekee mumewe, akarudi kukaa. Ndani hakuingia. Askari alipomuuliza mbona haingii, alisema, "Nikiingia nitamtazama kwa macho gani? Ya mke au ya dada?"

Mfuniko wa klachi ulitoka. Bi Spana akajivuta kutoka chini, akajifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga juu ya bwelasuti, akainama.

"Haya. Njoo usalimie."

Ndani mlikuwa na puli mbili na mkanda mpana wa raba uliozizunguka. Puli ya mbele inazungushwa na injini, ya nyuma inazungusha magurudumu, mkanda ndio mjumbe wa katikati. Kati ya sahani za puli ya mbele Bi Spana alionyesha spring, nyekundu kama pilipili.

"Hii si ya kiwandani," alisema. "Ameweka ngumu zaidi."

Wakati huohuo mkuu wa kituo alikuwa anapita mlangoni, na sikio lake lilikuwa refu. Akasimama. "Umesema si ya kiwandani? Basi, Kobe, kesi imekwisha. Mtu amechezea mashine, mashine imeua. Unataka nini tena?"

"Mkuu," alisema Bi Spana bila kuinua kichwa, "hata weusi wa nywele zako si wa kiwandani, na bado tunakupigia saluti."

Mkuu alikohoa kicheko kisichotaka kutoka. "Kesho asubuhi," alimwambia Kobe, akaenda zake.

Kobe aliinuka kwenye tairi lake. "Spring ngumu ndiyo imeharibu?"

"Kinyume chake. Ukiweka tairi kubwa, mashine inakuwa nzito kuianzisha. Ukiacha spring laini, mkanda unateleza. Aliyeweka hii alijua anachofanya. Mimi ningeweka hiyohiyo."

"Maji? Msimamizi ameandika kwamba siku ile kulikuwa na dimbwi njiani. Maji yakiingia humo mkanda hautelezi?"

"Unateleza kama sabuni." Akapitisha kidole kwenye ukuta wa ndani wa kasha, akamwonyesha. Kidole kilikuwa na unga mweusi, mkavu. "Maji yangeacha tope, na tope lingeacha mstari. Hapa ni vumbi la raba tupu. Hilo dimbwi ni la mdomoni."

"Basi nini kimeharibika?"

Bi Spana alizipanua sahani za puli kwa bisibisi nene, akautoa mkanda, akauzungusha taratibu mikononi kama mtu anayetafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli. Ghafla mikono ikasimama.

"Lo," alisema. "Maskini."

Mahali pamoja, parefu kidogo kuliko kiganja, mkanda ulikuwa umeliwa pande zote mbili hadi ukabaki na kiuno cha nyigu. Raba imeungua, nyuzi za ndani zinaonekana, harufu bado ilikuwa kali. Kobe aliupokea, akauzungusha wote. Mbali na kovu lile moja, mkanda ulikuwa mzima kabisa, maandishi ya kiwandani mgongoni bado yanasomeka.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," alisema.

"Mama yangu angeshaelewa." Bi Spana akavua kiatu kimoja, akakigeuza soli juu. "Ukitembea, soli inalika yote. Si ndiyo? Sasa simama mahali pamoja, uzungukie kisigino mpaka kitoe moshi. Utaona tundu mahali pamoja, na soli iliyobaki imetulia." Akakivaa tena. "Klachi mbovu inakula mkanda wote, polepole, unakuwa unang'aa kama kioo. Huu haukuliwa polepole. Injini ilikuwa inakwenda kwa nguvu zote, puli ya mbele inazunguka, na mkanda umesimama palepale unaunguzwa. Mkanda unasimama kwa sababu moja tu."

"Magurudumu hayazunguki."

"Hayazunguki hata kidogo. Mashine hii haikuwa inapanda mlima, Kobe. Ilikuwa imeshikwa."

Kobe aliuweka mkanda chini, akaizunguka mashine hadi nyuma. Alipiga goti, na goti likalalamika. Bomba la chini la kichanja lilikuwa limevutwa kwa nyuma hadi likafanya upinde. Kitu kinachobiringika mlimani hupondeka kuja ndani. Hili lilikuwa limevutwa kwenda nje. Na kwenye kona ya weldi, pamebanwa uzi mmoja wa chuma, mwembamba kama mfupa wa samaki, ncha yake imechanuka.

"Waya wa kuvutia," alisema Bi Spana begani kwake.

"Umekatika."

"Umekatika, ndiyo. Na waya ukikatika ukiwa umekazwa, Mungu amrehemu aliye mbele yake."

*

Huko mahabusu, fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mikono yake, iliyozoea kushika kitu, haikujua pa kukaa.

"Afande, usijisumbue," alisema. "Nimeshamwambia mkuu. Ni mimi niliyemuua. Spring niliweka mimi, tairi mimi, weldi mimi. Alikuwa ananiamini kama baba."

"Sijakuuliza nani kaua. Nimekuja kuuliza nani aliomba tairi kubwa."

Fundi aliinua macho. "Msimamizi. Alisema trekta linawasumbua, mashine ndogo isaidie."

"Isaidie kufanya nini?"

"Kubeba. Nilimwambia kwa mdomo wangu, na Shemeji amesimama pale: huyu ni punda wa kubeba, si ng'ombe wa jembe. Msimfunge kamba mkavuta kitu. Mkanda hauna moyo wa kuvuta."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema fundi, wewe unaionea huruma mashine kuliko mkeo." Akatazama mlangoni. "Mke wangu yupo?"

"Yupo hapo nje."

"Leo pia hataki kuingia?"

Kobe akagonga nondo mara moja kwa kidole, akaenda kumpigia simu daktari aliyeupasua mwili.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache na alikuwa na haraka. Kifua kilipondwa, ndicho kilichomuua. Kichwani, kwa nyuma, kulikuwa na jeraha jembamba lililonyooka, kama la kupigwa kwa fimbo.

"Ulidhani limetokana na nini?" aliuliza Kobe.

"Kuanguka. Niliambiwa ameanguka."

"Lipi lilitangulia?"

"La kichwa," alisema daktari. Haraka yake ilikuwa imemtoka. "Lilivuja damu nyingi na likaanza kuvimba. Maiti haivimbi, Inspekta. Kati ya kichwa na kifua kulikuwa na muda."

*

Kobe alikwenda machimboni na askari mmoja, mkanda ameuviringisha kwenye mfuko wa karatasi, na mfukoni mwa shati picha aliyoipiga askari wa kwanza kufika siku ya tukio. Alikuwa ameitazama picha ile mpaka imeanza kukunjika. Shemeji amelala chini ya mteremko. Mashine imesimama kwa miguu yake minne hatua chache pembeni, imepinda huku na huku. Nyuma ya tairi la nyuma kuna jiwe la ukubwa wa tofali. Mahali pengine popote jiwe lingemshtua mtazamaji. Kwenye machimbo ya mawe, nani atashangaa jiwe?

Shimo lilikuwa pana, kuta zake nyeupe za vumbi, nyundo zinagonga bila mpangilio. Wachimbaji walipoona gari la polisi waligonga polepole zaidi. Kando ya banda, trekta lilikuwa juu ya magogo, injini yake imefunguliwa tumbo, na sufuria ya oili chini yake ilishaota utando wa buibui. Chini kabisa ya mteremko, mbele ya mahali malori yanapopakilia, palilala jabali kubwa la mviringo. Lilikuwa limeziba nusu ya njia.

Msimamizi alikuja kwa gari lake dogo la mizigo kutoka upande wa pili, akaegesha kwenye uwanja uliosawazika kama meza. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole.

"Karibu, afande, karibu sana," alisema akishuka. "Tena poleni na kazi. Sisi hapa bado hatujakaa sawa. Yule kijana alikuwa kama mwanangu." Na huku anasema, bila kutazama chini, akalisogeza jiwe kwa kisigino na kulisukumia nyuma ya tairi la gari lake.

Kobe alilitazama lile jiwe. Kisha akageuza shingo, taratibu, kama mnyama aliyempa jina. Mkokoteni wa maji una jiwe. Toroli tupu, lililogeuzwa juu chini, lina jiwe. Gari la tela lisilo na hata upepo kwenye tairi, lina jiwe.

"Hapa ni tambarare," alisema. "Gari litakwenda wapi?"

Msimamizi alitazama kisigino chake, akacheka. "Mazoea tu, afande. Kwetu chochote chenye gurudumu kinawekewa jiwe. Mgeni akianza kazi tunamfundisha jiwe kabla ya nyundo. Nyumbani mke wangu ananicheka, naweka jiwe mpaka kwenye kigari cha mtoto."

"Ni mazoea mazuri."

"Yameokoa watu wengi."

"Siku ya tukio, uliandika kwamba hakuna aliyeigusa mashine mpaka polisi walipofika."

"Hakuna. Nilikaa mbali kabisa. Nilijua ni mambo ya ushahidi."

Kobe akatoa picha, akaiweka juu ya boneti, akaweka kidole kwenye tairi la nyuma. Upepo ulitaka kuichukua picha. Akaibana kwa kidole kilekile.

Msimamizi aliinama, akatazama, na upole ukaanza kumtoka usoni kama rangi kwenye nguo ya bei rahisi. "Labda ni askari wako."

"Askari wangu alipiga picha kabla hajasogea. Na yeye si mtu wa hapa. Hajafundishwa jiwe."

"Basi liliporomoka lenyewe. Hapa mawe—"

"Likaporomoka, likageuka, likajipanga nyuma ya tairi?" Kobe akafungua mfuko, akautandaza mkanda kando ya picha. Lile kovu lilikaa juu, jeusi. "Mzee mwenzangu, tusichoshane. Mashine ile haikuwa inapanda. Ilikuwa imesimama inavuta, mpaka mkanda ukaungua mahali pamoja. Waya ulikatika, kipande ninacho. Trekta lenu linalea buibui. Na lile jabali pale lina mkwaruzo mweupe wa waya umelizunguka kiunoni. Nauona kutoka hapa, na macho yangu si mazuri."

Nyundo zilikuwa zimenyamaza zote. Msimamizi alizitazama kuta za shimo, akaona watu wanamtazama.

"Malori yalikuwa yanakuja," alisema, sauti imeshuka. "Njia imeziba. Mwenye machimbo aliniambia nikisimamisha upakiaji tena, nikatafute kazi nyingine. Nikamwambia Shemeji tufunge waya, avute kidogo tu, libiringike pembeni. Alikataa. Akasema fundi kakataza."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia fundi hakulipi mshahara. Akapanda. Nikamwambia kandamiza mafuta. Moshi ukaanza kutoka, akageuka kunitazama, nikamwambia kandamiza, bado kidogo. Waya ukakatika. Sikuuona hata ulipopita. Nilimwona yeye tu yuko chini, nyuma ya mashine."

"Amekufa?"

Msimamizi alilitazama jabali.

"Nimekuuliza. Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa anakoroma," alisema msimamizi. "Kama mtu aliyelala."

"Na hili gari lilikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Lilikuwa na mafuta?"

"Lilikuwa nayo." Akaanza kulia, kilio kikavu cha mtu anayejilia mwenyewe. "Nilijua hatapona, afande. Damu ile, nilijua hatapona."

"Ulikuwa daktari?"

"Nikalegeza gia tu. Mteremko ulifanya wenyewe."

"Ukaiacha ishuke juu yake. Halafu ukaiwekea jiwe, isije ikadhuru mtu."

Askari alimfunga msimamizi pingu palepale kwenye boneti. Alipokuwa anaongozwa kwenda kwenye gari la polisi alisimama ghafla, akageuka kutazama nyuma, na Kobe akadhani anataka kusema neno la mwisho. Lakini alikuwa anatazama magurudumu ya gari la polisi. Halikuwa na jiwe.

*

Mkuu wa kituo alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kwenye weusi wa nywele zake. "Fungua mlango wa fundi," alisema. "Na mwambie Bi Spana nimesikia alichosema asubuhi."

Dada wa Shemeji alikuwa palepale kwenye benchi. Kobe alikaa kando yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Mama, si mumeo," alisema. "Kazi yake ilikuwa safi. Alikataza lile lililofanywa, na ndugu yako alikataa kulifanya, akalazimishwa. Aliyemlazimisha tunaye."

Mwanamke hakulia. Alilikaza fundo la kitambaa juu ya bakuli, kisha akalilegeza, akalikaza tena.

"Alikufa palepale?"

Kobe alikawia. Kukawia ilikuwa tabia yake, watu wote walijua, na angeweza kusema kwamba ni tabia tu. Lakini mwanamke alikuwa anamtazama mdomoni, na jibu lilipokuwa halijatoka alishalipata. Akafumba macho.

"Mume wangu atakuuliza hilohilo," alisema. "Namjua. Ndilo la kwanza atakalouliza."

"Mahakamani yatasemwa yote, mama."

"Mahakamani atasikia. Siku hiyo nitakuwa nimekaa kando yake. Leo ana siku ngapi hajashika chakula? Bakuli linarudi kama lilivyokwenda." Akasimama, bakuli mkononi. "Leo mwache ale kwanza."

Waliingia pamoja kwenye ujia wa mahabusu. Askari wa zamu alizungusha ufunguo. Fundi alikuwa amesimama katikati ya chumba, anamtazama mkewe kama mtu aliyewashiwa taa machoni. Mkewe akapita mbele yake, akakaa sakafuni alipokuwa amekaa yeye, akalifungua fundo.

Fundi akamgeukia Kobe. "Afande," alisema. "Shemeji. Aliteseka?"

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake Kobe alijibu upesi.

"Hapana. Palepale."

Mwanamke hakuinua kichwa. Alikivuta kitambaa, akaondoa mfuniko, mvuke ukapanda kidogo.

"Kaa," alimwambia mumewe. "Umekula?"